"UTI Sugu" na Ugonjwa Usio na Mstari Kwenye Rejista

Wanafunzi wangu wamezoea kuniona nikifundisha nikiwa nimesimama kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na wapo wanaodhani huo ni mtindo wa ufundishaji niliojifunza masomoni ughaibuni. Wajumbe wenzangu katika kamati za chuo nao wamezoea kuniona nimekaa ukingoni mwa kiti, nimeegemea upande mmoja, na mara kwa mara nikijitolea kufungua dirisha, kufuata nyaraka ofisini au kutoka nje kupokea simu ambayo haikupigwa. Mmoja wao aliwahi kunitania kwamba mwalimu wa siasa hatulii kitini kwa sababu anahofia kupinduliwa. Nilicheka pamoja naye. Ukweli ni kwamba kwa miaka sita sasa kukaa kitako kunaniumiza.

Maumivu yenyewe yako kwenye sehemu ya nje ya uke, katika mashavu yake na mlangoni mwake. Siku nyingine yanawasha tu. Siku nyingine yanaunguza kama jicho lililoguswa na kidole kilichotoka kukata pilipili. Suruali inayobana huyaamsha, bajaji inayopita kwenye makorongo ya barabara za mitaani huyaamsha, na tendo la ndoa huyaamsha kwa siku mbili au tatu mfululizo. Hakuna kidonda. Hakuna upele wala uchafu unaotoka, na mkojo ukipimwa ni safi. Naitaja sehemu hiyo kwa jina lake kwa makusudi. Katika ukumbi huu nimejadili Katiba, mikopo ya elimu ya juu, mbolea ya ruzuku na bei ya mahindi ya wakulima wetu wa Ruvuma bila kuona haya, na sijaona sababu ya kuona haya leo. Hata hivyo nakiri kwamba rasimu ya makala hii imelala miezi minane katika kompyuta yangu kabla sijathubutu kuitoa.

Naomba msomaji asiichukue kama ungamo. Kazi yangu ni kufundisha namna dola inavyowahesabu watu wake: nani anaandikwa, kwa jina gani, katika daftari lipi, na nini humpata yule ambaye daftari halina mstari wake. Sikutarajia kulikuta somo hilo mwilini mwangu. Hoja yangu ni kwamba tumejenga huduma iliyozoezwa kutafuta maambukizi, na huduma hiyo inapoyakosa maambukizi haisemi "sijui". Inaandika maambukizi vilevile, inatoa dawa, na mgonjwa anarudi nyumbani na maumivu yake pamoja na tuhuma mpya.

Nilianza, kama wengi wetu tunavyoanza, kwenye duka la dawa. Binti aliyekuwa kaunta aliniuliza maswali mawili, "Inawasha? Inatoa uchafu?", kisha akanipa kidonge kimoja cha fangasi na krimu ya kupaka. Krimu ile ilichoma kuliko ugonjwa wenyewe. Nilipokwenda kituo cha afya nilipewa kikopo cha mkojo, na baada ya nusu saa karatasi ikarudi imeandikwa seli za usaha mbili hadi nne, idadi ambayo baadaye nilikuja kuelezwa kwamba haina tatizo lolote. Siku ile iliitwa UTI, nikapewa antibayotiki za siku tano. Wiki tatu baadaye nikarudi. Safari hii ikaitwa PID, nikapewa dawa za aina tatu kwa mpigo. Kisha zikaja sindano za siku saba, asubuhi na jioni, hata nikawa nafundisha nadharia ya mkataba wa kijamii nikiwa nimesimama kwa sababu mbili tofauti. Nina tabia ya kutunza karatasi, na juzi nilizihesabu: katika miezi ishirini na sita nilitumia dozi kumi na moja za antibayotiki na dozi sita za dawa za fangasi.

Katika ziara zote hizo hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia nipande kitandani ili aangalie mahali panaponiuma. Sharti niongeze kwamba nami sikuomba. Nina shahada tatu, nimewahi kubishana na waziri hadharani, lakini mbele ya tabibu kijana aliyekuwa na foleni ya watu wapatao hamsini mlangoni nilisema "huku chini kunaniuma", naye akaandika bila kuinua kichwa, nami nikashukuru kwamba hakuinua.

Msomaji anayeishi mjini hapa, au katika mji wowote wa Tanzania, anavifahamu vikaratasi vinavyobandikwa kwenye nguzo za umeme: tunatibu UTI sugu, PID sugu, fangasi sugu, piga namba hii. Nimelitafakari sana hilo neno "sugu". Ni kivumishi chenye ujanja mkubwa. Kinamwambia mwanamke kwamba dawa alizopewa zilikuwa sahihi, aliyempa alikuwa sahihi, na kinachokosea ni kimelea kilichogoma kufa. Kwa hiyo anahitaji dawa kali zaidi, ya gharama zaidi, kutoka kwa mtu mwingine. Hakimruhusu kuuliza swali jepesi kuliko yote: je, kimelea hicho kiliwahi kuonekana? Tangu mwaka 2017 taifa letu lina mpango kazi wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na semina zimefanyika na mabango yamechapishwa. Sijaona bango linalosema kwamba sehemu moja ya tatizo ni dawa zinazomezwa na wanawake wasio na kimelea chochote.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu matabibu na wauza dawa, lakini ingekuwa dhuluma. Ili kuelewa kwa nini mfumo wetu unafikiri hivi inabidi turudi Mwanza ya miaka ya 1990. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Ulaya walichagua jamii 12 za vijijini na kuzipanga katika jozi sita. Katika jamii moja ya kila jozi, wahudumu wa afya walifunzwa upya, dawa zikafikishwa kwa uhakika, na mgonjwa wa magonjwa ya ngono akatibiwa siku hiyohiyo kwa kufuata dalili zake, bila kusubiri maabara ambayo haikuwapo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995: katika jamii zilizopata huduma hiyo maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilisoma kutoka Mwanza, na njia ya kutibu kwa dalili, ambayo tayari ilikuwa inapendekezwa, ikapata nguvu katika nchi nyingi maskini.

Sina neno dhidi ya kazi hiyo. Naifundisha kwa fahari kila mwaka. Wakati watu walikuwa wanakufa, kumtibu mtu mmoja asiye na maambukizi ili usiwakose watatu wanayo ilikuwa hesabu ya busara. Lakini hesabu hiyo tangu mwanzo ilikuwa na upande dhaifu, nao ni upande wa mwanamke mwenye dalili za ukeni. Kidonda cha mwanamume kinaonekana, usaha wa mwanamume unaonekana. Kuwasha, kuunguza au ute wa mwanamke kunaweza kutokana na mambo kadhaa yasiyohusiana kabisa na ngono. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilihimiza vipimo vya maabara kwa wanawake wenye dalili za ukeni pale vinapowezekana, na uchunguzi wa mwili pale visipowezekana. Kifaa kilichotengenezwa kwa dharura kimegeuka kuwa desturi, na desturi ikishakaa haiulizi tena ilikotoka.

Kutibu kwa dalili kuna sharti la pili ambalo ndilo lililonitesa zaidi: mwenza naye lazima atibiwe. Kwa maambukizi ya kweli sharti hilo ni la lazima na la haki. Kwangu lilikuwa hivi. Mara ya kwanza nilimpelekea mume wangu vidonge, akavimeza bila neno. Mara ya pili akavimeza akiwa kimya kwa namna nyingine. Mara ya tatu aliviweka mezani, akaniuliza kwa upole ambao bado naukumbuka, "Mke wangu, tunaambukizana sisi kwa sisi, au kuna mtu wa tatu?" Hakuuliza tena, wala mimi sikumjibu vizuri, kwa sababu karatasi iliyokuwa mkononi mwangu ilisema nina ugonjwa wa ngono na mimi sikujua kwamba karatasi inaweza kukosea. Swali lile lilikaa nasi mezani karibu mwaka mzima. Mume wangu ni mtu mstaarabu, na ameisoma makala hii kabla yenu. Nawafikiria wanawake waliorudishwa na karatasi kama ile kwa waume wa aina nyingine.

Hapa wanaharakati wanaosoma ukumbi huu wana la kufanya ambalo halihitaji daktari. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinamlinda mke dhidi ya kulazimishwa na mumewe iwapo tu wametengana. Mke anayeishi na mumewe hana ulinzi huo. Tumezoea kukijadili kifungu hicho kwa mfano wa mume mlevi na mkatili. Naomba tuongeze mfano wa mwanamke ambaye tendo lenyewe kwake ni sawa na kusuguliwa msasa juu ya ngozi iliyoungua, ambaye vipimo vyote vimesema ni mzima, na ambaye kwa hiyo hana hata cheti cha kumwonyesha mume, mshenga au baraza la wazee kwamba kukataa kwake si kiburi. Sheria inamnyima haki ya kusema hapana, na hospitali inamnyima sababu ya kuisema.

Mwishoni mwa mwaka wa tatu nilisafiri kikazi kwenda Dar es Salaam, nikapata nafasi kwa daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake. Alinisikiliza, akaziangalia karatasi zangu zote kwa utaratibu, kisha akaniomba nipande kitandani. Alichukua kijiti chenye pamba, cha aina ileile tunayosafishia masikio, akagusa taratibu sehemu moja baada ya nyingine kwa mzunguko kama anayefuata namba za saa, na kila alipogusa akaniuliza inauma kiasi gani kati ya sifuri na kumi. Pajani sifuri. Kwenye mashavu ya nje, mbili. Mlangoni, upande wa chini, tisa. Nililia, naye akadhani ameniumiza. Nililia kwa sababu pamba ilikuwa imekubaliana nami.

Ugonjwa huo unaitwa vulvodinia. Kwa maana iliyokubaliwa na vyama vya wataalamu mwaka 2015, ni maumivu ya sehemu ya nje ya uke yaliyodumu angalau miezi mitatu bila sababu inayoweza kutambulika. Si jambo jipya hata kidogo; T. Gaillard Thomas, daktari wa New York, alilieleza katika kitabu chake cha magonjwa ya wanawake cha mwaka 1880, kama hali ya mishipa ya fahamu ya eneo hilo kuhisi kupita kiasi, na baada ya hapo tiba ikalisahau kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliwauliza maelfu ya wanawake wa kawaida mitaani, si wagonjwa wa kliniki, na takriban 16 katika kila 100 walisema wamewahi kuwa na maumivu ya namna hiyo kwa miezi mitatu au zaidi. Wengi kati yao hawakuwahi kutafuta tiba, na waliotafuta walizunguka kwa madaktari kadhaa. Najua Boston si Songea. Lakini mfumo wetu wa taarifa za afya, MTUHA, hujazwa kutokana na kile kilichoandikwa kwenye rejista, na mwanamke kama mimi ameandikwa kwenye rejista hizo mara kumi na saba kama mtu mwingine.

Ni muhimu nisieleweke vibaya. "Bila sababu inayotambulika" ni hitimisho linalokuja mwisho, baada ya kutazama. Si jina la heshima la kutotazama. Yapo magonjwa yenye sababu, yenye tiba, yanayojificha ndani ya kapu hilohilo la "UTI sugu". Mojawapo ni kichocho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 utafiti uliofanywa wilayani Mwanga, mkoani Kilimanjaro, ulikuta mayai ya kichocho kwenye mlango wa kizazi wa wanawake wengi, na baadhi yao mkojo wao haukuwa na yai hata moja. Mwanamke wa namna hiyo hupimwa mkojo, huambiwa hana kichocho, kisha hutibiwa ugonjwa wa ngono. Sisi tunaopakana na Ziwa Nyasa, na tunaolima mpunga mabondeni, hatupaswi kulisoma jambo hilo kama habari ya mkoa mwingine. Lingine ni ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi, unaoifanya ngozi ya eneo hilo iwe nyeupe, nyembamba na yenye kuwasha bila kikomo. Hutulizwa kwa krimu kali ya steroidi, na usipotibiwa huongeza hatari ya saratani. Upo mzio wa sabuni za manukato na pedi zenye marashi. Upo ukavu wa wanaonyonyesha na wa waliokoma hedhi. Yote haya huanza kujulikana kwa kitendo kimoja cha kutazama.

Baadhi ya sababu hizo tunazitengeneza wenyewe kwa kukosa mtu wa kuuliza. Mwanamke aliyeambiwa mara tano kwamba ana wadudu hujiona mchafu, na anayejiona mchafu hujisafisha: kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa shabu, kwa maji ya majani aliyoelekezwa na jirani, ndani na nje. Ngozi iliyokuwa imewashwa huchubuka. Kisha hurudi dukani.

Kuna suala la lugha pia, na hapa mtaniwia radhi, kwa kuwa mwalimu hawezi kuliacha. Kiswahili sanifu kina neno moja, "uke", linalobeba hali nzima ya kuwa mwanamke pamoja na kiungo, cha ndani na cha nje kwa mpigo. Neno la mtaani kwa sehemu ya nje ni tusi ambalo mtu anaweza kushtakiwa kwa kulitamka. Kilichobaki ni "sehemu za siri", na siri haielezeki kwa tabibu: huwezi kusema siri inauma upande wa chini kushoto. Bibi zetu walikuwa na nafasi nzuri zaidi. Katika unyago wa Wayao kule Tunduru, mwanamke mtu mzima aliketi na wasichana akawataja viungo vyao kimoja kimoja, na ingawa sitetei kila kilichofundishwa humo, walau walitoka na maneno. Sisi tuliosoma shule tulipewa mchoro wa mji wa mimba na mirija yake, uliokatwa kwa upande kama papai, usioonyesha kabisa sehemu ambayo mwanamke anaweza kuigusa na kusema "hapa".

Watu huniuliza kama nimepona. Sijapona. Niliacha sabuni, nikabadilisha nguo za ndani kuwa za pamba, na kila usiku nameza kiasi kidogo cha amitriptilini, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu inayotumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, ambayo kinywa changu hukilipia kwa ukavu na asubuhi zangu kwa uzito. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinifundisha kulegeza misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa imekaza kama ngumi kwa kungoja maumivu. Naamini mazoezi hayo ndiyo yaliyonisaidia zaidi, na katika hilo siko peke yangu: utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2021, uliowashirikisha wanawake 212 waliokuwa wakiumia wakati wa tendo, uliona mazoezi tiba yakiwapa nafuu kubwa kuliko dawa ya ganzi ya kupaka. Kwa upande wa dawa, sayansi yenyewe bado inapapasa. Jaribio la Marekani la mwaka 2010 liliwapa wanawake 133 dawa ya kumeza ya jamii ya hiyo ninayotumia, au krimu ya ganzi, au vyote viwili, na matokeo hayakuwazidi waliopewa dawa bandia. Naliandika hili ili asije mtu akaibandika amitriptilini kwenye nguzo ya umeme. Leo naweza kukaa kitini dakika arobaini. Kabla ya hapo zilikuwa saba.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimelisikia kutoka kwa mtumishi mmoja wa umma ninayemheshimu: dada yangu, akina mama wanakufa kwa kutoka damu wakati wa kujifungua, wewe unatuletea maumivu ya kukaa. Ni hoja nzito na sitaki kuikwepa. Namjibu kwamba sijaomba fedha ya mama anayejifungua. Fedha tayari inatumika: dozi kumi na saba, vipimo vya mkojo, muda wa matabibu, siku za kazi nilizokosa kwa vyeti vya kupumzika vilivyoandikwa ugonjwa ambao sikuwa nao, na bima iliyolipia yote hayo bila kuuliza. Ninachoomba ni kwamba fedha hiyohiyo inunue jambo la kweli. Mwanamke anaporudi mara ya pili kwa dalili zilezile baada ya kumaliza dawa, asipewe dawa ya tatu kabla hajatazamwa, na pawepo kitanda, pazia na mhudumu wa kike wa kusimama pembeni. Rejista iwe na mahali pa kuandika maumivu ya muda mrefu yasiyo na maambukizi, ili Wizara itakapouliza ni wangapi pawepo namba ya kusoma. Vyuo vya matabibu na wauguzi vifundishe kile kijiti chenye pamba. Ni somo la nusu saa.

Na mkoa wetu una sababu ya kuanza. Watumishi wa siku nyingi mnakumbuka kwamba Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo leo yako nchi nzima, yalianzia hapa Ruvuma mwaka 2003, wakati yalipoanza kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Wauzaji walifunzwa, maduka yakakaguliwa, yakaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti zikiwemo baadhi ya antibayotiki, kwa sababu kijiji kilikuwa mbali na hospitali. Ulikuwa uamuzi mzuri, na umewafaa wengi. Lakini mafunzo yale yalimwandaa muuzaji kwa mteja anayekuja mara ya kwanza. Binti wa kaunta niliyemtaja alifanya alichofundishwa. Hakuna aliyemfundisha la kumwambia mteja anayekuja mara ya nne.

Wala mimi sikuwa na la kumwambia. Mwaka jana mwanafunzi mmoja, ambaye muhula mzima alikuwa akihudhuria darasa langu akiwa amesimama nyuma karibu na mlango, alikuja ofisini kuomba ruhusa ya kutofanya jaribio. Nilipomuuliza sababu alichukua kalamu yangu akaandika kwenye karatasi, kwa herufi ndogo: naumwa huku chini. Wakati huo nilikuwa nimeshapata jina la ugonjwa wangu, nimeshafundishwa mazoezi, nimeshapata nafuu. Nikamwambia, "Nenda kapime UTI."

"Nimeshapima mara nne, Madamu," alisema.

Nikasaini ruhusa yake, akaondoka. Sikulala vizuri usiku ule, na ilinichukua wiki mbili kumwita tena na kumweleza kwa nini nami nafundisha nikiwa nimesimama. Ameniruhusu niandike haya, nami nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha. Tulimtafuta daktari wa kike aliyekubali kumtazama, na ikaonekana kwamba ugonjwa wake haukuwa kama wangu: ni ule wa ngozi nyeupe nilioutaja, likeni sklerosasi, naye sasa anapaka krimu yake na anakaa mstari wa tatu. Alipokuja kunionyesha cheti nilimuuliza uchunguzi ulichukua muda gani. Akasema kama dakika tano, na kwamba umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo daktari alitumia tochi ya simu.